Nyumba Mpya ya Minnesota na Swali la Besmenti

Mhadhara kwa wakazi wa Minnesota wanaozungumza Kiswahili



Mliniomba nizungumzie nyumba zinazotumia nishati kidogo. Jambo hilo ni pana, kwa hiyo nimechagua swali moja ambalo likishajibiwa huamua mengine mengi: unapojenga nyumba mpya hapa Minnesota, nyumba ambayo hutaki ikumalizie mshahara kwa gesi na umeme, uichimbie besmenti, yaani sakafu ya chini ya ardhi, au uiache?

Nalitoa jibu langu mapema ili mnisikilize mkijua nimesimama wapi. Besmenti si lazima tena. Zamani ilikuwa na sababu mbili nzito, na zote mbili zimekwisha nguvu. Leo anayetaka besmenti ndiye anayedaiwa sababu, si yule anayeiacha. Na akishaitaka, ailipie kama chumba cha watu tangu siku mchoro unapochorwa, asiichukue kama shimo ambalo atalitengeneza pesa zikipatikana.

Najua maneno haya yanawagusa. Wengi wetu tulipofika nchi hii tulilala besmenti ya ndugu au ya mtu wa kwetu aliyetangulia. Huko ndiko harambee zinakofanyika theluji inapofunga barabara. Huko ndiko mama akija kutoka Kisii au Goma kumlea mjukuu hutandikiwa kitanda, akakaa miezi sita. Mtu akisema nyumba isiwe na besmenti, anasikika kama anayesema nyumba isiwe na mahali pa wageni. Kwa hiyo naomba tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, tuanzie chini kabisa, kwenye udongo.

Jalidi na makaa ya mawe

Aliyekulia Mombasa au Bujumbura hakuwahi kuona ardhi ikiinua nyumba. Hapa huinua. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba barafu iliyoshika ndani ya udongo laini huvuta maji mengine kutoka chini, nayo yakaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka udongo ukapanda na kupandisha kila kilichoukalia. Msingi ukiinuliwa upande mmoja ukuta hupasuka na milango hukataa kufunga. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za jimbo hili zinataka msingi ushuke chini ya kina ambacho jalidi hufika: futi 3 na nusu, yaani kama sentimita 107, katika nusu ya kusini pamoja na Minneapolis na St. Paul, na futi 5, yaani mita 1 na nusu, kaskazini.

Sasa fikiri kama mkandarasi wa zamani. Umeshachimba zaidi ya mita moja kuzunguka nyumba nzima. Mashine iko pale, mbao za kufungia zege ziko pale, vibarua wako pale. Ukiongeza mita moja na kitu na kuuzoa udongo wa katikati, unapata sakafu nzima ya ziada. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na ndiyo iliyoifanya besmenti kuwa desturi ya majimbo ya kaskazini, wakati Texas na Florida nyumba nyingi hukaa juu ya jamvi la zege tu.

Sababu ya pili ilikuwa makaa ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba za huku zilipashwa joto na tanuri kubwa lisilo na feni. Hewa ya moto hupanda yenyewe, kwa hiyo tanuri lilipaswa kukaa chini ya vyumba vyote. Kando yake palikuwa na stoo ya makaa, yakimiminwa kutoka nje kupitia kidirisha, na penye ubaridi zaidi waliweka viazi, karoti na mitungi ya matunda ya kupitisha majira ya baridi. Besmenti ilikuwa karakana ya nyumba. Hakuna aliyelala humo kwa hiari.

Tanuri la makaa limeondoka. Nyumba mpya iliyojengwa vizuri huhitaji pampu ya joto inayotundikwa ukutani au kukaa katika kabati, tangi la maji moto, na mashine ndogo ya kubadilisha hewa. Vyote hivyo vinatosha katika chumba cha mita mraba 5 au 6 kwenye sakafu ya chini, karibu na jiko na bafu, na mabomba yanakuwa mafupi zaidi kuliko yangetoka shimoni. Hiyo sababu nimeimaliza.

Ya jalidi inahitaji maelezo, maana ndiyo ambayo wakandarasi wengi bado huitaja kana kwamba ni amri ya mbinguni. Mwaka 1937 msanifu Frank Lloyd Wright alimaliza nyumba ya familia ya Jacobs mjini Madison, katika jimbo jirani la Wisconsin, ambako Januari haina huruma. Aliilaza juu ya jamvi la zege lenye mabomba ya joto sakafuni, na chini ya ardhi akaacha kijumba kidogo cha tanuri tu. Nyumba hiyo ipo hadi leo. Kisha Norwei na Uswidi, kuanzia miaka ya 1950, zikalifanya jambo hilo kuwa elimu yenye vipimo: msingi wa kina kifupi unaokingwa dhidi ya jalidi. Povu gumu husimamishwa kuzunguka ukingo wa jamvi, na jingine hulazwa chini ya udongo kuelekea nje, kama ukingo wa pama unavyokinga mabega. Joto la ardhi yenyewe, pamoja na lile kidogo linalotoka nyumbani, hubaki chini ya ukingo huo, na udongo unaobeba nyumba hauwahi kuganda. Nyumba zaidi ya milioni moja katika nchi za Skandinavia zimejengwa hivyo. Marekani nayo iliuingiza msingi huu katika kanuni zake za nyumba katika miaka ya 1990, na kina kinachotakiwa ni inchi 12 hadi 16 tu, kutegemea ukali wa baridi ya mahali.

Kuna tahadhari moja ambayo fundi asiyezoea anaweza kuisahau. Nyumba iliyofungwa vizuri sana huipa ardhi joto kidogo mno. Jamvi likiwa na povu nene chini yake, ukingo ule wa nje unapaswa kuwa mpana na mnene zaidi kuliko wa nyumba ya kawaida, kwa sababu hauwezi kutegemea joto linalovuja kutoka ndani. Hapo mhandisi apige hesabu ya nyumba yako yenyewe. Asinakili jedwali la nyumba ya jirani.

Joto linakopotelea

Mwaka 1977 mjini Regina, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, kundi la wahandisi wakiwemo Harold Orr na Robert Dumont lilijenga nyumba iliyoitwa Saskatchewan Conservation House. Mnajua herufi R iliyoandikwa kwenye vifurushi vya vihami joto madukani. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyozuiwa zaidi. Ukuta wa kawaida wa nyumba mpya huku una R-20 au R-21. Wao walifika R-44 ukutani na R-60 darini, wakaziba mianya ya hewa kwa bidii ambayo haikuwa imezoeleka, na wakaweka mashine inayoipa hewa safi iingiayo joto la hewa chafu itokayo. Kazi yao ndiyo baba wa nyumba nyingi tunazozisifu leo.

Lakini kuta zikishakuwa nzuri hivyo, kasoro iliyokuwa imejificha hujitokeza. Zege ni zito, gumu, linaonekana kama ngome, na watu hudhani litazuia baridi. Ukuta wa zege wa sentimita 20 unazuia joto sawasawa na povu gumu la milimita 4 au 5. Naomba mlisikie hilo vizuri. Unene wote ule, kwa habari ya joto, ni sawa na kipande chembamba kuliko kidole.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Iwe mita 9 kwa 12, ya orofa mbili, na kuta zake ukiondoa madirisha ziwe kama mita mraba 190 zenye R-28. Nje ni nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, ndani nyuzi 20. Kuta zote hizo zitapoteza wati 1,300 hadi 1,400. Sasa itazame besmenti yake yenye zege tupu, ambayo kwa kawaida huchomoza juu ya ardhi sentimita 30 hivi. Utepe huo kuzunguka nyumba ni chini ya mita mraba 13, na besmenti ikipashwa joto kama vyumba vya juu, unapoteza karibu wati 1,500. Sentimita 30 za zege zinashinda kuta za orofa mbili. Bado sijagusa sehemu iliyozama ardhini, wala sakafu.

Nasikia mara nyingi kwamba ardhi ni vuguvugu, kwa hiyo sehemu iliyozama haina neno. Ni kweli kwamba chini ya ardhi hakuna baridi ya Januari. Ila udongo wa ndani wa Minneapolis hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima, ambao ni nyuzi 8 hivi. Anayetaka nyuzi 20 chumbani atakuwa anaipasha ardhi moto usiku na mchana, majira yote ya baridi, na ardhi haishibi.

Kuna hewa pia. Wakati wa baridi hewa yenye joto hupanda na kutoka kupitia mianya ya darini, na nyumba huvuta nyingine kutoka chini kabisa kujaza pengo. Mlango wake ni pale mbao za sakafu zinapokalia ukuta wa besmenti, na mahali bomba na nyaya zinapopita. Kila kilichomo besmenti, harufu, unyevu, vumbi, hupanda kwenda vyumbani mnamolala.

Je, maana yake nyumba ya nishati kidogo haiwezi kuwa na besmenti? La. Mwaka 1991 mjini Darmstadt, Ujerumani, katika mtaa wa Kranichstein, familia nne zilihamia katika nyumba za mstari zilizotokana na utafiti wa Wolfgang Feist na Bo Adamson wa Uswidi. Ndizo nyumba za kwanza za Passivhaus, kiwango ambacho leo kinataka joto la kilowati-saa zisizozidi 15 kwa mita mraba kwa mwaka, na hewa isiyovuja zaidi ya mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa inapopimwa kwa shinikizo la paskali 50. Nyumba hizo zina besmenti. Waliojenga waliiacha nje ya joto: waliifunika dari yake kwa povu la sentimita 25, na chini yake pakabaki stoo ya baridi isiyohesabiwa kuwa sehemu ya nyumba yenye joto.

Kwangu huo ndio ufunguo wa swali zima. Kabla ya kuuliza kama utachimba, uliza mstari wa kihami utapita wapi. Unaweza kuupitisha chini ya sakafu ya vyumba, besmenti ikabaki nje kama ya Darmstadt. Unaweza kuupitisha nje ya kuta za besmenti na chini ya sakafu yake, ikawa chumba kamili cha nyumba. Zote mbili ni njia halali. Isiyo halali ni ile iliyoenea zaidi: besmenti isiyo ndani wala nje, ina tanuri na mabomba ya joto yanayovuja, ina ngazi wazi kutoka sebuleni, na kuta zake ni zege tupu. Hiyo inalipiwa joto kila mwezi bila mtu kuinuia.

Njia ya Darmstadt si rahisi hapa Minnesota. Mabomba ya maji yakipita kwenye besmenti isiyo na joto yanaweza kuganda na kupasuka, na ngazi inayoshuka ndani ya nyumba inatoboa kihami pale pale unapokitaka kikamilike. Mlango wa juu ya ngazi hiyo ungepaswa kuwa mzito na wenye mpira wa kuziba hewa kama mlango wa nje, na ni wachache wanaokubali kulipia mlango wa namna hiyo ndani ya nyumba. Kwa hiyo huku anayechimba na achimbe kwa nia ya kuiingiza besmenti ndani ya joto. Kokoto na bomba la kutolea maji kuzunguka msingi, kizuia maji kwenye uso wa nje wa ukuta, povu gumu juu yake hadi kukutana na kihami cha ukuta wa juu bila kuacha utepe wowote wa zege. Chini ya sakafu kokoto tena, povu, nailoni nene iliyounganishwa kwa gundi, ndipo zege. Kazi ya chini ya sakafu haina nafasi ya pili. Zege likishamwagwa, limemwagwa.

Maji na radoni

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu zaidi, kwa sababu joto likipotea unapoteza pesa, ila unyevu na radoni huingia mapafuni mwa watoto.

Zege jipya lina maji mengi ndani yake na huchukua muda mrefu kukauka. Juu ya hayo huvuta unyevu wa udongo kupitia vitundu vyake. Kisha hufika Julai. Hewa ya nje ina joto na unyevu, mtu anafungua madirisha ya besmenti akidhani anaikausha, na hewa ile ikigusa ukuta wenye nyuzi 14 inaacha maji yake pale, kama ambavyo ingeacha kwenye kitu chochote cha baridi. Nyuma ya kochi, nyuma ya masanduku ya nguo, ukungu huota. Watu hununua mashine ya kukausha hewa, na mashine hiyo hunguruma majira yote ya joto ikila umeme ambao nyumba ilijengwa kuuokoa.

Ubaya zaidi hufanywa na ukarabati wa haraka. Mtu anataka chumba cha mgeni, anasimamisha fremu za mbao mbele ya zege, anajaza pamba ya kioo, anafunika kwa nailoni na jipsamu, anapaka rangi. Hewa ya chumba hupenya kwenye pamba hadi kwenye zege baridi, inaacha maji, na nailoni inayazuia yasirudi. Baada ya misimu michache harufu inatangulia kumpokea mgeni. Kama nyumba tayari ipo na lazima kihami kiwe upande wa ndani, povu gumu libandikwe moja kwa moja kwenye zege na viungo vyake vizibwe, fremu zije mbele yake.

Wenye viwanja katika bonde la Mto Red, upande wa Moorhead na Fargo, wana habari yao peke yao. Pale palikuwa chini ya ziwa la kale lililoitwa Agassiz, na udongo wake ni mfinyanzi unaoshika maji. Mwaka 1997 mto huo ulifurika na kuuzamisha mji wa Grand Forks. Katika mafuriko ya namna hiyo, anayewahi kuyavuta maji besmenti kwa pampu wakati udongo wa nje bado umelowa anaweza kuusababishia ukuta kubomokea ndani, kwa kuwa maji ya ndani ndiyo yaliyokuwa yakiusaidia kusimama. Na bima ya mafuriko ya serikali kuu hulipa vitu vichache sana vya besmenti. Kuta zilizopambwa, mazulia na mali zako zilizomo humo hazimo. Mtu akiniambia anajenga katika bonde hilo na anataka besmenti, namwambia asijenge besmenti. Hapo sina la kujadili.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokana na urani iliyomo katika udongo na mawe. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani inaihesabu kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu nchini baada ya sigara, na inakadiria vifo 21,000 kila mwaka. Inashauri nyumba irekebishwe ikipimwa pikokyuri 4 kwa lita au zaidi. Idara ya afya ya jimbo letu inasema nyumba 2 katika kila 5 za Minnesota zimevuka kiwango hicho. Tangu 2009 kila nyumba mpya hapa lazima iwekewe bomba la kuipitisha gesi hiyo kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa. Nyumba ya jamvi nayo inaweza kuwa na radoni, msije mkadhani imesalimika. Ila besmenti ina ukuta mwingi unaogusana na udongo, ndiyo sakafu iliyo karibu zaidi na chanzo, na sisi ndiko tunakomlaza mama. Kifaa cha kupimia ni cha bei ndogo. Pima, kisha weka feni kwenye lile bomba kama kipimo kinadai.

Bei na watu

Utaambiwa besmenti ni nafasi ya bei rahisi. Angalia wanalinganisha nini na nini. Mara nyingi wanachukua shimo la zege tupu na kulilinganisha na vyumba vya juu vyenye sakafu, madirisha na rangi. Weka vitu sawa kwenye mizani. Ongeza povu la kuta na la sakafu, bomba la kutolea maji, pampu ya shimoni na betri yake ya akiba, bomba la radoni, jipsamu, taa, bafu. Chumba cha kulala cha besmenti kinatakiwa kisheria kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukizuka, lenye uwazi usiopungua futi mraba 5.7 na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni, pamoja na kisima cha nje cha kulizunguka. Ukishaongeza yote, ule urahisi hupungua sana, na katika viwanja vingine huisha kabisa.

Kisha siku ya kuuza, tangu Aprili 2022 Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, inawataka wathamini wafuate kipimo ambacho hakihesabu eneo lolote lililo chini ya usawa wa ardhi kuwa sehemu ya ukubwa wa nyumba yenyewe, hata likiwa limepambwa namna gani. Litaandikwa pembeni na kupewa thamani yake, ambayo kwa kawaida ni ndogo kwa kila futi mraba. Familia inayotegemea nyumba kuwa akiba ya watoto inapaswa kulijua hilo kabla ya kuchimba.

Kuta za besmenti ya nyumba ile ya mita 9 kwa 12 hula mita za ujazo 20 hivi za zege, karibu tani 48. Utengenezaji wa saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotoka duniani kutokana na shughuli za binadamu. Kuta hizo peke yake zinaweza kubeba tani 5 au 6 za hewa hiyo kabla nyumba haijawasha taa ya kwanza. Sisi tuna ndugu ambao mvua zao zimeharibika. Hatuwezi kujenga nyumba ya kuokoa nishati tukasahau kilichotumika kuijenga.

Na kuna magoti. Nimeona nyumba nyingi za watu wetu ambamo mashine ya kufulia iko besmenti na chumba cha bibi kiko besmenti. Ngazi kumi na tatu, kwenda na kurudi, kwa mtu mwenye miaka sabini, aliyezoea nyumba ambayo hatua moja inakufikisha uani kwenye jua. Chumba cha mgeni kwenye sakafu ya chini, chenye dirisha la kusini na bafu karibu, ni heshima ambayo besmenti haiwezi kuiiga. Kama pesa inatosha chumba kimoja cha ziada, mimi ningekiweka hapo.

Nitawatendea haki wanaochimba, maana wako wenye sababu za kweli. Kiwanja kikiwa na mteremko, upande mmoja wa besmenti unafunguka kwenye bustani, una madirisha na mlango wa kutokea nje, na hapo kwa kweli ni sakafu ya chini tu iliyoegemea kilima. Hiyo naiunga mkono bila shaka. Kiwanja kikiwa kidogo mjini, ambako sheria inakubana pembeni na juu, kuna njia gani nyingine ya kuwapa watoto watano nafasi? Udongo ukiwa wa mchanga, maji yako mbali chini, na familia ni kubwa, besmenti iliyofungwa vizuri ni chumba chema: kimya, chenye joto la wastani, kisichohitaji kipoza hewa Julai. Penye mwamba, kama sehemu nyingi za Duluth, mwamba utakujibu wenyewe.

Tonado ndiyo hoja inayobaki mwisho kila ninapozungumza, na siipuuzi. Kwenye nyumba yenye besmenti, ving'ora vikilia, huko ndiko pa kukimbilia. Nyumba isiyo nayo isijengwe bila kimbilio. FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, imechapisha michoro ya chumba salama cha juu ya ardhi kinachofungwa kwenye jamvi kwa vyuma na kuta nzito, kilichobuniwa kustahimili upepo wa maili 250 kwa saa, yaani kilomita 400. Bafu la kawaida au kabati la nguo linaweza kujengwa hivyo. Ninayemshauri aache besmenti, namtaka kwanza akubali kulipia chumba hicho. Asipokubali, namrudisha kwenye besmenti.

Basi kabla hamjatia sahihi kwenye mchoro wowote, fanyeni haya. Toboeni shimo kwenye kiwanja mwezi Aprili, theluji inapoyeyuka, mwone maji yako kina gani. Anayepima Agosti anajidanganya. Mwombeni mkandarasi bei mbili, ya jamvi lenye povu pamoja na chumba cha ziada juu, na ya besmenti iliyokamilika kila kitu, si zege tupu. Mwambieni achore kwa kalamu nyekundu mstari wa kihami kuizunguka nyumba nzima bila kuinua mkono. Mahali atakapoinua, hapo ndipo joto litakapotokea. Na kama hawezi kuuchora mstari huo, tafuteni mkandarasi mwingine, kwa sababu nyumba hiyo mtailipia miaka 30.